Alizeti Zilizotangulia Mbegu za Mama

Mpaka leo sijui kama alizeti ni chakula au ni pambo. Nimewauliza watu wenye akili zao timamu, nimewauliza wenye vyeti, nimemuuliza hata mchungaji, na kila mmoja alinijibu kwa uhakika kabisa jambo tofauti na la mwenzake. Ningeolewa mahali pengine swali hili lisingenipata. Lakini niliolewa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, katika boma la mjane ambaye bado analishika jembe lake mwenyewe, na mwaka ule nilikuwa na mimba changa baada ya kupoteza nyingine.

Naitaja mimba mapema kwa sababu ndiyo iliyofanya kila kitu kiwe kigumu. Ile ya kwanza ilitoka wakati watu walikuwa wamekwisha anza kuniamkia kwa uangalifu na kunizuia nisiiname. Hospitalini Homa Bay waliniambia mambo haya hutokea. Nyumbani hawakuniambia kitu. Hii ya pili niliibeba kama mtu anayevuka chumba na yai kwenye kijiko, na sioni haya kusema kwamba nilimtaka mtoto yule kuliko kitu kingine chochote duniani. Mtu angeniambia nitembelee mikono hadi siku ya kujifungua, ningetembelea mikono.

Mimi si wa kisiwani. Nilizaliwa upande wa Migori, karibu na Ogwedhi, ambako baba yangu alinunua na kuuza ng'ombe, na siku za soko nyumba yetu yote ilinuka vumbi na samadi. Kwetu mvua ikinyesha kila mtu hukimbia na jembe lake. Atakayefika shambani kwanza ndiye wa kwanza, basi. Mume wangu nilimpata Migori mjini alipokuwa akijifunza ufundi wa majokofu, na sasa anafanya kazi Kendu Bay, akija nyumbani wikendi anapopata nafasi. Kwa hiyo maisha yangu ya kila siku ni mimi na mama yake.

Mimi na yeye huongea Kiswahili. Kiluo changu kinachechemea, na lugha yangu yeye hajawahi kuisikia. Kiswahili changu ni cha shule, chake ni cha sokoni Mbita, tunakutana katikati tunaelewana, au tunadhani tunaelewana. Ananiita nyar Migori, binti wa Migori, kwa maana wake wa huku huitwa kwa walikotoka. Mimi namwita Mama. Ni mfupi, anatembea upesi, na ana tabia moja iliyonitesa tangu siku ya kwanza: akifurahi hasemi kitu, wala sura haibadiliki, na akikasirika ni vilevile. Mimi nikikasirika, sufuria zinajua. Yeye inabidi ubahatishe.

Sasa kikundi. Kikundi chetu cha vijana kilianzia kwenye lori la mboga. Lori hilo huvuka daraja kutoka Mbita likiwa limejaa sukuma na kabichi za Kisii, na sisi wenye udongo wetu na ziwa letu tunapanga foleni na vikapu. Siku moja msichana mmoja mrefu alisimama kando ya foleni akaanza kutucheka. Alikuwa amesomea kilimo chuoni na kurudi nyumbani bila kazi, na alikuwa na sauti inayofika mbali bila yeye kuipaza. Alisema tumezungukwa na maji pande zote, halafu tunanunua majani kwa watu wa milimani, na kama hiyo si aibu basi yeye hajui aibu ni nini. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshika kabichi. Wiki iliyofuata nilikuwa mwanachama, naye alikuwa mwenyekiti wetu.

Mwenyekiti alitaka turudishe mboga za huku: osuga, yaani mnavu, dek, yaani mgagani, mrenda, kunde, maboga. Hilo kila mtu alilielewa. Jambo lake la pili lilitupa shida zaidi, nalo lilikuwa nyuki. Alisema maboga yana maua dume na maua jike, na kama nyuki hapiti kutoka moja hadi lingine, utaona ua zuri la manjano, kisha kijiboga kidogo kitanyauka na kuanguka, na utamlaumu jirani kwa jicho baya. Wanawake wawili watatu walitazamana. Alisema pia wenye nyanya ufukweni wanapiga dawa asubuhi, saa ambayo nyuki wako kazini, kwa hiyo nyuki wameisha. Tulikwenda bustani hadi bustani kuwaomba wapige dawa jioni. Mzee mmoja alituuliza kama tunataka afuge nyanya au afuge nyuki, maana yeye ana mikono miwili tu. Wengine walikubali mbele yetu na asubuhi iliyofuata tukawaona na bomba mgongoni.

Hata kwa wanachama halikuwa rahisi. Mboga ya dek, kwa mfano, mwanamke wa huku akiipita akaona imetoa ua, mkono unakwenda wenyewe kulinyofoa, ili majani yaendelee kuja. Dek iliyochanua maana yake ni nyumba yenye mwanamke mvivu. Mwenyekiti akatuomba tuache mistari michache ichanue kwa ajili ya nyuki. Tulikubali, lakini niliwaona wenzangu wakinyofoa huku wakizungumza na mimi, bila hata kujua.

Tulihitaji ardhi. Mume wangu alitoa kipande kilicho nyuma ya nyumba yetu, kinachoteremka kuelekea ziwani, ndani ya boma la mama yake. Mama alipoulizwa alisema sawa. Tukazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, na kwa viboko tukaomba Mungu.

Hapa ndipo inabidi nieleze sheria ya mbegu, nami nitaieleza kama nilivyoelezwa, yaani si vizuri sana. Msimu wa mvua ukianza, mama wa boma ndiye anayepanda kwanza. Kwa Kiluo wanasema golo kodhi, kutoa mbegu. Hata akichimba mashimo machache tu karibu na mlango wake, inatosha. Baada yake hufuata mke wa mtoto mkubwa, kisha anayemfuata, hadi kwa mdogo. Mdogo ni mimi. Ukimpita aliye mbele yako, unaita chira, ule unyaufu unaompata aliyeruka utaratibu, au unaompata mtoto wake. Mimi nilisema ni mambo ya zamani. Lakini nimeona watu wa ofisini wamekuja na magari yao, mbegu za dukani ziko kwenye buti, wamekaa wanangoja mama yao apone mafua ili atoke apande kwanza.

Na sheria yenyewe ina milango ya uani. Nyanya na sukuma za ufukweni, zinazonyweshwa kwa pampu, hazihesabiwi, hizo ni biashara. Mahindi, mtama, kunde na maboga zinahesabiwa. Viazi vitamu, wengine watakwambia hivi, wengine vile. Nilijaribu kutafuta mpango ndani yake nikaumwa na kichwa.

Wenzangu wa kikundi waliijua sheria hii tangu utotoni, na mwenyekiti akiwa mmoja wao. Hakuna aliyefikiria hata kidogo kugusa kunde au maboga kabla ya akina mama kufungua msimu. Lakini mvua ilikuwa bado mbali, na mwenyekiti alitaka maua yatangulie, tuyanyweshe kwa maji ya ziwa, ili mboga zitakapochanua nyuki wawe wamekwisha zoea njia. Nyuki ni wateja, alisema, kioski lazima kijulikane kabla bidhaa haijafika. Tulikaa kikao kizima kuhakikisha hatumkosei mtu. Tukakubaliana kwa sauti moja kwamba mbegu za chakula zingoje, na maua yapandwe, kwa sababu ua halina mama.

Kulikuwa na maua ya pakiti, ya manjano na ya zambarau, ambayo majina yake sikuyashika. Na kulikuwa na alizeti, kwa sababu mwanachama mmoja alikuwa na mfuko wa mbegu zake aliokuwa akiwalishia kuku. Tukasema vizuri sana, nyuki wanazipenda. Wengine walikuwa wakiteka maji, na kwa kuwa walinikataza kubeba mtungi katika hali yangu, walinipa mimi kazi nyepesi ya kudondosha mbegu. Nilizidondosha zote kwa mkono wangu, mstari mrefu kutoka kwenye nyumba yangu hadi kwenye miiba, nikifurahi.

Mama hakuwepo. Alikuwa Kendu Bay kwa binti yake aliyejifungua, akakaa huko muda mrefu kama bibi anavyopaswa. Aliporudi alizeti zilikuwa zimefika kiunoni mwangu na vichwa vimeanza kujifunga. Aliweka mzigo wake chini, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mstari ule.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia ni alizeti, ya nyuki.

"Inaliwa?"

Natamani ningeumwa na jino saa ile. Badala yake nilimweleza kwa raha zote kwamba hukamuliwa mafuta, kwamba mbegu zake hukaangwa watu wakatafuna, kwamba kuku hunenepa. Nilitaka aone kwamba hatuchezi. Mama aliniangalia usoni, akaniangalia tumboni, akasema, "Kumbe ni chakula," akaingia nyumbani kwake.

Mvua ikaja. Ilikuja vizuri, si ile ya kutania, na boma zote za jirani zikatoka na majembe. Kwetu Mama alikaa mlangoni akichambua omena, vile vidagaa vya ziwani. Siku iliyofuata akachambua omena. Mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye huku tunaitana nyieka kana kwamba tumeolewa na mtu mmoja, alikuwa na shamba limekwisha limwa kwa ng'ombe, udongo umegeuzwa, unangoja tu. Yeye ana watoto wengi na mume anayevua siku samaki wakipenda. Shamba lile ndilo linalowalisha. Kila asubuhi alipita mbele ya Mama, akamwamkia, akaenda kulitazama shamba lake, akarudi. Magugu yakaanza kutokea.

Mwishowe nyieka alikuja kwangu akaniambia, huku akiangalia jiko langu na si mimi, kwamba Mama hatatoa mbegu msimu huu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ungeuliza tu kabla ya kupanda, nyar Migori." Akaondoka. Kuanzia siku ile salamu zake zilikuwa fupi.

Nilielewa hivi: ninaadhibiwa. Nimempita mama wa boma, naye amefunga msimu ili boma zima lijue ni kwa sababu ya nani. Na kwa kuwa bustani ya kikundi ilikuwa ndani ya boma lake, nayo ikafungwa. Miche ya osuga ilikaa kitaluni ikirefuka shingo, mbegu za maboga zikakaa kwenye mfuko. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko mwili wangu. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama. Yale macho ya Mama tumboni kwangu. Mimi siamini chira, nilijiambia. Kisha tumbo lingekaza kidogo, kama matumbo yanavyofanya, nami ningekaa kitako hapo hapo nilipo na kuhesabu pumzi.

Nikaanza kutafuta ushauri, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mume wangu alicheka kwenye simu. Halafu akauliza ni nani hasa aliyezipanda. Nikamwambia ni mimi. Akaacha kucheka. Akasema ni ujinga wa kizamani, nisiusikilize, na kabla ya kukata simu akaniuliza kama naendelea kwenda kliniki. Mchungaji aliniambia mkristo haogopi mbegu, akanisomea maandiko, akaniombea vizuri sana. Nilipotoka nilimkuta mke wake uani ana mfuko wa mahindi bado umefungwa, nikamwuliza anangoja nini, akasema mama mkwe wake hajapanda. Nilisimama pale uani mwa mchungaji nikijiuliza ni nani katika nyumba ile nimsadiki.

Mama yangu mzazi, kwa simu kutoka Ogwedhi, alisema nirudi kwetu nikazalie huko, watu wanaoogopa maua si watu wa kuzalia kwao. Mwenyekiti alisema, "Hiyo ni ua, manze. Ua ni ua. Usijistress." Nikamwuliza, kama ni ua tu, mbona mfuko ulitoka kwa kuku? Nilimwona akilifikiria jambo lile kwa mara ya kwanza, na uso wake ukawa wa mtoto aliyeulizwa swali la mtihani ambalo halikuwa kwenye kitabu.

Kikundi hakikuweza kungoja. Kanisa lilikuwa na kipande kitupu nyuma ya choo, na mwenyekiti akaomba. Uzuri wa kiwanja cha kanisa, walisema, ni kwamba si boma la mtu. Nilikwenda siku ya kupanda. Ardhi ilikuwa imelainika, mashimo yamechimbwa, kila mtu ana mbegu mkononi, na hakuna aliyeinama. Walikuwa wakitazamana. Mahali pasipo na mama, nani anakuwa wa kwanza? Mmoja alisema mwenyekiti aanze, mwenyekiti akasema yeye hajaolewa, ana dada zake wakubwa. Mwingine akasema tumwite mama mmoja kutoka kwaya, mwingine akauliza mama yupi, na wenzake watasemaje. Mvua ilianza kunyunyiza wakiwa bado wamesimama. Mwishowe wakakubaliana wahesabu hadi tatu na wote waangushe mbegu kwa pamoja, ili asiwepo wa kwanza. Wakahesabu, wakaangusha.

Ningecheka hadi nikalala chini, lakini mimi sikupewa mbegu. Mwenyekiti aliniomba kwa upole nikae kwenye ngazi za kanisa, nisije nikaongeza neno juu ya neno. Alisema ni kwa ajili ya mtoto. Wengine waliangalia chini. Nilikaa kwenye ngazi na mikono mitupu, nikawaangalia watu niliowapa uwanja wa nyumba yangu wakipanda maboga bila mimi, na nililia kwa uchungu, si kidogo.

Niliporudi nyumbani nilichukua panga. Nilikuwa nimeamua kwamba nitazifyeka zote, Mama aone, hasira yake imalizike, atoe mbegu, nyieka apande, watu waache kuniangalia tumbo. Nikafika kwenye mstari. Alizeti zilikuwa zimefunguka siku zile za mvua, na nyuki walikuwa wamejaa. Sijui walitoka wapi. Wale nyuki tuliowaombea bustani hadi bustani, tuliokwisha ambiwa wameisha, walikuwa pale wanatambaa juu ya vile vichwa, miguu imepakwa unga wa manjano. Nilisimama na panga. Nikizikata, ni sawa na kusema kwa mdomo wangu kwamba zilikuwa chakula na nilimpita mama wa boma. Nikiziacha, ni sawa na kumdharau. Nililiinua panga, nikalishusha, nikaliinua tena. Sijawahi kujiona mpumbavu namna ile, mwanamke mjamzito anayetishia maua.

Nilisikia hatua za upesi nyuma yangu. Nilijua ni nani. Nikageuka, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika hasira tayari sikuona haja ya kuiweka chini.

"Mama," nikasema, "kama unaniadhibu, niadhibu mimi peke yangu. Usiwaadhibu watoto wa nyieka."

Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona kitu katika uso wake nikakijua ni nini. Alikuwa haelewi.

"Nani anaadhibu nani?"

"Wewe. Umekataa kutoa mbegu kwa sababu nilikupita."

Alilichukua panga mkononi mwangu taratibu, akaliegemeza kwenye miiba. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa pamoja.

"Sikia, nyar Migori. Mimi nikipanda saa hii, wewe utakuwa ulinipita. Itakuwa imekamilika. Lakini nisipopanda, hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma. Hakuna mtu amepita mtu. Hiyo shamba wacha ilale. Hiyo mtoto izaliwe kwanza."

Nyuki waliendelea na kazi yao. Nikamwuliza, kwa sauti iliyokuwa imepungua sana, tufanyeje na alizeti.

"Wacha hivyo. Ukikata, ni kama umekubali ilikuwa chakula. Mimi sijui kama ni chakula. Niliuliza wamama kanisani, wengine wakasema ndiyo, wengine wakasema ni maua ya wazungu. Wewe ulisoma. Wewe unajua?"

"Sijui, Mama."

"Basi tuko wawili."

Nilimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa kanisa, anaimba, anatoa ushuhuda. Nadhani nilitaka aniambie kwamba hakuna cha kuogopa, kwamba yote ni maneno. Alitikisa kichwa. "Mimi niliokoka kitambo," akasema. "Lakini siwezi kujaribu na tumbo yako. Ile ya kwanza nilinyamaza. Hii sinyamazi."

Akageuka aende. Nikamwuliza kama nyieka anajua.

"Nilimwambia siku ile nilirudi. Yeye ndiye ako na shamba, ningemficha aje? Nilimwambia tukiacha, njaa ni yake. Alikaa kidogo, akasema sawa."

Mtoto alizaliwa salama, Homa Bay, msichana mwenye mapafu ya mnadi wa ng'ombe. Nesi aliniambia ni kwa sababu nilimeza vidonge vyangu na kufika kliniki. Mchungaji anasema ni maombi. Mama hasemi kitu, na msimu uliofuata alitoka asubuhi na jembe, akachimba mashimo yake karibu na mlango, akatuangalia sote tuliokuwa tumesimama tukingoja, akarudi ndani. Mwenyekiti anataka niseme kwenye mikutano kwamba maua hayana madhara. Nasema hivyo. Nikimaliza kusema najiuliza kama ningepanda tena kabla ya Mama, mtoto huyu akiwa tumboni, na sipati jibu ninaloweza kusimama nalo. Kilimo cha nyuki nakielewa. Hili silielewi, na nimeacha kujifanya.

Lakini jioni ile, baada ya Mama kuniacha kwenye alizeti, nilikwenda jikoni kwa nyieka. Sikujua ninakwenda kusema nini. Nilikuwa nimemchukia majuma mazima kwa salamu zake fupi, na sasa nilijua zilikuwa fupi kwa sababu kila aliponiona alilazimika kukumbuka alichokubali. Watoto wake walikuwa uani wakigombania tairi. Yeye alikuwa ameinama juu ya beseni, akiosha kunde, na maji ya beseni yalikuwa ya kijivu, akiyamwaga na kuweka mengine, nayo yanageuka kijivu tena.

Nilisimama mlangoni nikiyaangalia yale maji bila kuelewa, hadi nikaelewa. Kunde za kula haziwekwi majivu. Majivu huwekwa kwenye kunde za mbegu, chunguni, ili wadudu wasizitoboe hadi msimu wa kupanda. Msimu ulikuwa unapita na shamba limelala. Alikuwa akizipika.

Nilifungua mdomo nimwambie kitu kwa Kiluo, nikitaka kiwe cha heshima, kikatoka vipande vipande. Akaniambia kwa Kiswahili nikae, nimesimama kwenye mwanga. Nikakaa. Tukangoja sufuria. Zilipoiva aliwaita watoto, akapakua, na sahani aliyonipa mimi ndiyo iliyojaa kuliko zote. Nilikula shamba lake lote, na sikujua niangalie wapi.